Sura ya Nne: Albamu Iliyowagawa Wasikilizaji

Inakuwaje watu wawili wenye masikio mazima, wanaopenda muziki wa aina moja, wasikilize albamu ile ile, mmoja aiite kazi bora na mwingine aseme hawezi kuivumilia hadi mwisho? Swali hili huzuka karibu kila bendi changa inapotoa kazi inayosikika mbali. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba kila mtu na ladha yake. Si jibu la uongo, ila hufunga mjadala kabla haujaanza. Msikilizaji anayetoa maoni huwa ameshika kipimo fulani, hata asipokitaja, na maoni mengi yanayoonekana kupingana hutokana na watu kupima kitu kimoja kwa vipimo tofauti.

Mfano mzuri ni Keeper of the Seven Keys: Part I, albamu iliyotolewa mwaka 1987 na Helloween, bendi ya vijana watano wa Ujerumani. Imesifiwa na kulaumiwa kwa karibu miaka 40, na kinachovutia ni kwamba wanaoisifu na wanaoilaumu mara nyingi huelekeza kidole pale pale.

## Vijana wa Hamburg

Helloween iliundwa mwaka 1984 Hamburg, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani. Mwanzoni walikuwa wanne: Kai Hansen aliyeimba na kupiga gitaa, Michael Weikath wa gitaa la pili, Markus Grosskopf wa gitaa la besi, na Ingo Schwichtenberg wa ngoma. Walirekodi chini ya Noise Records, kampuni ya Berlin Magharibi ambayo ilikuwa pia na bendi kali kama Kreator na Celtic Frost. Albamu yao ya kwanza, Walls of Jericho, ilitoka mwaka 1985.

Tatizo likajitokeza jukwaani. Muziki wao ulikwenda kwa kasi kubwa, na Hansen alilazimika kuimba huku vidole vikikimbia juu ya gitaa. Kufanya yote mawili usiku baada ya usiku kulimchosha, na bendi ikaamua kutafuta mtu ambaye kazi yake ingekuwa kuimba tu. Wakampata Michael Kiske, kijana wa Hamburg aliyekuwa katika bendi ndogo iitwayo Ill Prophecy. Keeper ilipotoka alikuwa na miaka 19. Hansen na Weikath, waliokuwa wakubwa kuliko wote, walikuwa na miaka 24.

Hivyo, mwaka 1987 wasikilizaji walipokea vitu viwili kwa mpigo: nyimbo mpya, na sauti mpya ya bendi waliyodhani wanaijua.

## Pawa metali ni muziki gani?

Hevi metali ni tawi la muziki wa roki linalojengwa juu ya magitaa ya umeme ambayo mlio wake umekuzwa hadi unakwaruza, pamoja na ngoma nzito. Miaka ya 1980 lilichipua matawi kadhaa. Moja ni thrashi, muziki wa kasi na hasira, wenye sauti za kufoka. Jingine ni pawa metali, ambalo lilichukua kasi hiyo hiyo na kuivisha mahadhi ya kuimbika. Keeper huhesabiwa kuwa miongoni mwa albamu zilizolipa tawi hilo umbo lake. Alama zake kuu ni hizi:

- Ngoma kubwa za chini hupigwa kwa miguu yote miwili kwa zamu, na kutoa mvumo wa haraka usiokatika.
- Magitaa mawili hupiga tuni moja kwa pamoja, jingine likiwa juu kidogo ya mwenzake.
- Mwimbaji huimba juu sana, kwa sauti safi isiyo na mkwaruzo.
- Kiitikio huwa kipana na rahisi kushikwa, kana kwamba kimetungwa kwa ajili ya umati.

Alama ya pili inahitaji maelezo zaidi. Msikilizaji aliyezoea muziki wa dansi wa Dar es Salaam anajua jinsi gitaa la rizimu na gitaa la solo linavyogawana kazi: moja linazunguka mahali pamoja, jingine linachonga. Katika pawa metali magitaa mara nyingi hayagawani kazi, yanatembea sambamba. Moja likipiga do, jingine linapiga mi. La kwanza likipanda kwenda re, la pili linapanda kwenda fa. Matokeo yake ni kama waimbaji wawili wa kwaya wanaoshika sauti mbili za wimbo mmoja. Helloween hawakubuni mtindo huu; Iron Maiden na Judas Priest wa Uingereza walikuwa wameutumia miaka mingi. Walichofanya vijana wa Hamburg ni kuuongezea kasi na kuufanya uwe mtamu zaidi. Utamu huo ndio uliozua ubishi.

## Walioshika albamu ya kwanza mkononi

Kundi la kwanza la wasikilizaji lilikuwa la watu walioipenda Walls of Jericho. Albamu hiyo ilirekodiwa Berlin na mtayarishaji Harris Johns, na ina kingo kali: magitaa yanakata, ngoma zinakimbia kana kwamba zinafukuzwa, na Hansen anaimba kwa sauti nyembamba yenye mikwaruzo, ambayo pengine inakosa kufika mahali ilipolenga. Kwa mashabiki hao, kukosa kufika huko kulikuwa sehemu ya ukweli wa muziki. Walisikia vijana wanaojituma kupita uwezo wao.

Keeper ilirekodiwa Hannover, katika studio ya Horus Sound, na watayarishaji Tommy Hansen na Tommy Newton. Sauti yake ni pana na safi. Kila ala inasikika mahali pake, sauti za kuitikia zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na mikwaruzo mingi imeondoka. Aliyekuja na albamu ya kwanza akilini alisikia kitu kilichopungua. Aliyeanza na ya pili alisikia kitu kilichokamilika.

Wote wawili walisikia sawasawa. Ni kweli kwamba ukali umepungua, na ni kweli pia kwamba mpangilio umeimarika. Hata hivyo, lawama za kundi la kwanza husahau jambo moja. Sehemu kubwa ya nyimbo za Keeper ilitungwa na Kai Hansen yule yule aliyeimba Walls of Jericho, na kasi ya wimbo kama I'm Alive haiko mbali na ile ya zamani. Kilichobadilika zaidi ni koo linaloupeleka wimbo mbele, na koo hubeba hukumu kubwa kuliko msikilizaji anavyodhani. Ala zikibaki zile zile na mwimbaji akabadilika, wengi husema bendi imebadilika; mpiga besi akibadilika, wachache hugundua.

## Sauti ya kijana wa miaka 19

Kiske ndiye anayetajwa mwanzo katika karibu kila maoni kuhusu albamu hii. Waimbaji wengi wa kiume wanapofika juu hubadilisha namna ya kutoa sauti: ile nene ya kifuani inaisha, na nyembamba ya kichwani inaanza. Kwa Kiske mpaka huo karibu hausikiki. Anapanda huku sauti ikibaki imejaa, kisha anaishikilia noti ya juu kwa mtetemo mpana na wa utulivu, bila dalili ya kujikamua.

Wanaomsifu husema aliupa muziki wa kasi kitu ambacho haukuwa nacho, yaani urahisi. Ngoma na magitaa vinahangaika, yeye anaelea juu yake. Wanaomlaumu husema jambo lile lile kwa maneno mengine: hasikiki akiteseka, na hevi metali bila mateso kwao ni chakula kisicho na chumvi. Kuna pia wanaosema sauti za juu kiasi hicho zinachosha sikio zikifuatana wimbo baada ya wimbo.

Lawama ya mwisho ina uzito. Katika I'm Alive na Twilight of the Gods anakaa juu kwa muda mrefu, na msikilizaji asiyezoea hapati pa kupumzikia. Lakini inapofika A Tale That Wasn't Right, wimbo wa taratibu wa huzuni ulioandikwa na Weikath, anaanza chini, karibu na sauti ya kuongea, na hapo ndipo upana wa uwezo wake unapodhihirika. Haishangazi kwamba wengi walioshindwa kuipenda albamu nzima huubakiza wimbo huu. Kinyume chake, baadhi ya mashabiki wa kasi huuruka, kwa kuwa wanauona unavunja mwendo.

## Furaha ilipoonekana kuwa kosa

Ili kuelewa ukali wa baadhi ya maoni, inafaa kuangalia mwaka uliotangulia. Mwaka 1986 Metallica walitoa Master of Puppets na Slayer wakatoa Reign in Blood, zote za Marekani. Nchini Ujerumani, Kreator wa mji wa Essen walitoa Pleasure to Kill. Vita, wazimu, kifo na damu vilikuwa lugha ya kawaida ya vijana waliopenda muziki mzito. Ndipo wakaja Helloween na boga lililochongwa macho na mdomo ndani ya herufi ya jina lao, na wimbo kama Future World, unaoimba juu ya kesho yenye amani na vicheko, kwa kiitikio ambacho hata mtoto angekishika.

Kwa msikilizaji aliyeamini kwamba uzito wa muziki hupimwa kwa giza lake, hii ilikuwa dharau. Muziki huo ukaitwa metali ya furaha, na wengi waliotumia jina hilo hawakukusudia sifa. Walisema ni muziki wa watoto. Wengine wakalipokea jina lile lile kwa moyo mkunjufu. Kwao ilikuwa nafuu kupata kasi na nguvu ya magitaa bila kulazimika kujifanya wana hasira na dunia. Vijana wengi walioishi katika Ujerumani iliyogawanyika, yenye makombora ya nyuklia pande zote za mpaka, walikuwa na sababu ya kutaka kusikia kwamba kesho ipo.

Hapa hukumu ya haki inawaegemea wanaosifu. Furaha ya Keeper si nyepesi kama inavyodaiwa, kwa sababu haikai peke yake. Albamu hiyo hiyo ina wimbo wa mtu aliyevunjika moyo, na ina Halloween, unaozungumzia usiku wa vinyago, kishawishi, na pambano la wema na uovu. Future World inasikika nyepesi zaidi kwa anayeisikiliza ikiwa imekatwa kutoka kwenye albamu. Kwenye sahani ya santuri ndiyo iliyofungua upande wa pili, na mara tu baada yake unafuata usiku mrefu. Waliopanga walijua walichokuwa wakifanya.

Kwa ufupi hadi hapa. Anayelinganisha na albamu iliyotangulia huzungumzia ukali na usafi. Anayemsikiliza mwimbaji huzungumzia urahisi au ukosefu wa mateso. Anayelinganisha na bendi nyingine za wakati ule huzungumzia furaha na giza. Albamu haibadiliki, kinachobadilika ni kitu kilichowekwa kando yake.

## Dakika 13

Hakuna wimbo katika albamu hii uliojadiliwa kuliko Halloween, uliotungwa na Hansen. Una urefu wa zaidi ya dakika 13, na albamu nzima haifiki dakika 40. Maana yake ni kwamba theluthi moja ya kazi yote imewekwa katika kapu moja. Albamu inafunguliwa na Initiation, kipande kifupi cha ala cha kama dakika moja, na inafungwa na Follow the Sign, kipande kingine kifupi. Vikiondolewa hivyo viwili, zinabaki nyimbo sita tu. Wasikilizaji waliohesabu hivyo walilalamika kwamba wamepewa kidogo, na malalamiko hayo hayajaisha.

Ufupi huo una sababu. Bendi ilikuwa na nia ya kutoa nyimbo zote za Keeper kwa pamoja, kama albamu yenye sahani mbili. Kampuni haikukubali, na kazi ikatoka kwa mikupuo miwili, wa kwanza 1987 na wa pili 1988. Anayeijua historia hiyo huisikiliza Sehemu ya Kwanza kama nusu ya kitu. Asiyeijua huipima kama kitu kizima na kuiona imekatika.

Wimbo wenyewe umejengwa kwa vipande. Unaanza kimya kimya, kwa gitaa tulivu lenye kuogofya kidogo; unaingia katika mwendo wa kati; unashika kasi; unasimama; unageuka kuwa maigizo, Kiske akiimba sauti ya anayeshawishi na ya anayekataa kushawishiwa; kisha magitaa yanachukua nafasi kwa dakika kadhaa, moja likimjibu mwenzake, kabla ya wote kurudi pamoja. Wimbo wa namna hii haukuwa mgeni kabisa. Mwaka 1984 Iron Maiden walikuwa wametoa Rime of the Ancient Mariner, wenye urefu unaokaribiana nao. Tofauti ni kwamba Iron Maiden walikuwa na shairi maarufu la kuwaongoza, wakati Helloween walilazimika kuushikilia wimbo kwa nguvu ya tuni peke yake.

Je, walifaulu? Wasikilizaji wenye subira wanaona ndio wimbo bora wa albamu, na wana hoja nzuri. Kila kipande kipya kinaingia kabla kilichotangulia hakijachakaa, na viitikio vinarudi mahali ambapo sikio limeshaanza kuvitamani. Kasoro iko katikati, ambapo mabadiliko mawili au matatu yanafuatana haraka mno na mshono unaonekana. Wakosoaji wanaposema wimbo umebandikwa vipande, ndicho wanachokisikia. Lakini mshono wa sehemu chache hautoshi kuuhukumu wimbo mzima, hasa ikikumbukwa umri wa waliouunda.

Kuna sababu nyingine ya maoni kutofautiana, nayo haihusu utunzi. Kwa ajili ya televisheni, Halloween ulikatwa hadi dakika zipatazo 5. Aliyeujua kwa video hiyo alipata wimbo mwingine kabisa: mwepesi, wenye kasi, usio na safari. Akinunua albamu baadaye, dakika 13 alizisikia kama wimbo wake uliovutwa. Mwenye kaseti alikuwa na hali yake pia, kwani kuuruka wimbo mrefu kwenye kaseti ni kazi, na wengi walijikuta wameusikiliza wote hata kama hawakukusudia. Msikilizaji wa leo anayepokea nyimbo mojamoja kwa simu anaweza kuufuta kwa kidole baada ya sekunde 30, kabla gitaa la utangulizi halijamaliza kusema. Chombo kinachopeleka muziki sikioni kinashiriki kutoa hukumu.

## Sehemu ya Kwanza au ya Pili?

Sehemu ya Pili ilipotoka mwaka 1988, swali la kama Keeper ni nzuri lilibadilika kuwa swali la ni ipi nzuri zaidi. Mjadala huu huonekana kama mchezo wa mashabiki, lakini ndani yake kuna tofauti halisi ya utunzi. Sehemu ya Kwanza ni ya Hansen kwa kiasi kikubwa. Katika Sehemu ya Pili, Weikath ana nafasi pana: ndiye aliyetunga Eagle Fly Free, Dr. Stein, na wimbo wenye jina la albamu, ambao nao unazidi dakika 13.

Hansen hupenda mwendo wa moja kwa moja na viitikio vya mapambano. Weikath hupenda tuni zinazozunguka na mizaha, Dr. Stein ni hadithi ya kuchekesha ya daktari anayetengeneza viumbe. Anayependa umoja wa hali moja huichagua ya Kwanza. Anayependa wingi wa rangi huichagua ya Pili. Kwa upande wa nyimbo zilizoshikwa na umati, ya Pili inashinda: Eagle Fly Free na I Want Out, huu wa mwisho ukiwa wa Hansen, zimeigwa na bendi nyingi. Kwa upande wa mshikamano, ya Kwanza ni imara zaidi, na ufupi unaolalamikiwa ndio unaoisaidia. Hakuna wimbo wa kujazia nafasi.

## Maoni yanavyozeeka

Albamu ikishakuwa na watoto, haiwezi tena kusikika kama ilivyosikika siku ya kwanza. Baada ya Keeper bendi nyingi zilifuata njia yake: Stratovarius na Sonata Arctica wa Finland, HammerFall wa Uswidi, Angra wa Brazili. Ujerumani kwenyewe kulikuwa na Edguy, bendi iliyoanzishwa Fulda mwaka 1992 na wanafunzi wa shule waliokuwa na miaka 14. Kiongozi wao, Tobias Sammet, alipounda mradi wake wa Avantasia, alimwalika Kiske aimbe katika albamu ya mwaka 2001.

Mfuatano huo umeleta maoni ya aina mbili yasiyokuwepo mwaka 1987. La kwanza ni la msikilizaji kijana anayeijia Keeper baada ya kuzoea wafuasi wake. Yeye huona mambo ya kawaida: miguu miwili kwenye ngoma, sauti ya juu, kiitikio kikubwa, ameyasikia mara mia. Huishangaa pia kwa kukosa vinanda vingi na kwaya nzito zilizokuja baadaye. La pili ni la aliyekuwepo mwanzoni, ambaye zamani aliona ni tamu kupita kiasi, na sasa, akiilinganisha na utamu uliofuata, anaiona kavu na yenye nguvu. Mtu huyo hajajipinga. Kilichowekwa kando ya albamu kimebadilika.

Historia ya bendi nayo iliongeza uzito. Hansen aliondoka mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuunda Gamma Ray. Albamu mbili zilizofuata, za mwaka 1991 na 1993, ziliacha mtindo wa zamani na kuwakatisha tamaa wengi. Kiske naye akaondoka mwaka 1993, na nafasi yake ikachukuliwa na Andi Deris. Schwichtenberg alifariki mwaka 1995, akiwa na miaka 29. Tangu hapo, kwa mashabiki wengi, kuisikiliza Keeper kumekuwa pia kumsikiliza mtu asiyekuwepo tena, na hukumu kali juu ya ngoma zake imekuwa adimu.

Mwaka 2017 Hansen na Kiske walirudi jukwaani na Helloween bila Deris kuondoka. Katika ziara hiyo Hansen aliimba mwenyewe mseto wa nyimbo za enzi za Walls of Jericho, kwa sauti yake ya mikwaruzo, na Kiske akaimba zile za Keeper. Mashabiki waliobishana kwa miaka 30 juu ya nani alifaa kuiongoza bendi walipewa wote wawili usiku mmoja. Albamu iliyotoka mwaka 2021, yenye jina la Helloween tu, ilishika nafasi ya kwanza Ujerumani. Inafungwa na Skyfall, utunzi wa Hansen wa zaidi ya dakika 12 ambamo Kiske, Deris na Hansen wanapokezana, na kwa wimbo huo hoja za 1987 kuhusu urefu, vipande na sauti zilipata kazi mpya.